Anayeondoka, Anayebaki na Aliyepanga: Kusoma Pembezoni mwa Nchi katika Vitabu Teule

Utangulizi

Miongoni mwa maswali yanayopendwa na watahini wa fasihi, lile la uhamiaji halikosi. Mtahiniwa huulizwa aeleze kwa nini wahusika huhama kwao na kwenda mjini, naye hujibu kwa orodha aliyoikariri: umaskini, ukosefu wa ajira, tamaa ya maisha ya starehe, kutoridhika. Msahihishaji hutia alama zake za vyema, akapiga jumla na kuchukua karatasi nyingine.

Hoja hizo si za uongo. Kasoro yake ni kwamba zote humtazama anayeondoka, na hakuna inayopatazama mahali anapoondoka. Umaskini wa mahali hapo huchukuliwa kama jua la adhuhuri: lipo tu, halina aliyeliwasha. Makala haya yanashikilia kwamba vitabu vyetu teule, vikisomwa kwa makini, vinasema zaidi ya hayo. Vinaonyesha kwamba mahali hufanywa maskini kwa maamuzi ya watu, na kwamba mhusika huondoka baada ya maamuzi hayo kupitishwa. Mwalimu asipolitambua hili, atamfundisha mwanafunzi kumlaumu mhusika kwa kosa lililotendwa ofisini kabla mhusika hajafunga virago.

Ili hoja hii isielee hewani, nitaanza na pembezoni mwa Kenya yenyewe, hususan kaunti za mpaka wa kaskazini. Kisha nitarejelea riwaya ya Chozi la Heri (Assumpta Matei), tamthilia ya Bembea ya Maisha (Timothy Arege) na hadithi mbili katika diwani ya Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine. Mwishoni nitapendekeza namna ya kuufikisha mjadala huu darasani.

Pembezoni hazikuzuka zenyewe

Mwanafunzi wa Nairobi au Nyeri akiulizwa kwa nini Turkana na Mandera ni maskini, atajibu upesi kwamba ni kwa sababu ya ukame. Ukame upo, na hakuna anayeweza kuukana. Hata hivyo, ukame peke yake haujengi wala haukatai kujenga barabara.

Mnamo 1902 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya wilaya za mbali, iliyoruhusu eneo kufungwa ili mtu asiingie wala kutoka bila kibali. Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini ikawa miongoni mwa maeneo yaliyofungwa. Sheria nyingine ya 1934 iliwaongezea watawala mamlaka juu ya wenyeji wa wilaya kama hizo. Uhuru ulipopatikana mwaka wa 1963 eneo hilo liliingia katika vita vya Shifta, vilivyoendelea hadi 1967, na sheria za hali ya hatari zikadumu huko hadi 1991. Mtu aliyezaliwa Wajir mwaka wa 1963 alifikisha umri wa miaka 28 kabla ya kuishi chini ya sheria zilezile alizoishi chini yake Mkenya wa Machakos.

Kisha ukaja Waraka Nambari 10 wa 1965 kuhusu Ujamaa wa Kiafrika. Waraka huo ulipendekeza fedha za maendeleo ziwekezwe kule ambako zingezaa mapato makubwa zaidi, yaani penye ardhi nzuri, mvua ya kutosha, njia za uchukuzi na umeme. Kwa lugha ya wafugaji, ng'ombe aliyenona ndiye aliyeongezwa nyasi. Waandishi wa waraka walitarajia kwamba utajiri wa maeneo hayo ungewafikia wengine baadaye. Barabara ya Isiolo hadi Moyale, yenye urefu wa takriban kilomita 500, ilikamilika kutiwa lami katika nusu ya pili ya miaka ya 2010, zaidi ya nusu karne baada ya uhuru.

Takwimu za serikali zinatuonyesha matokeo. Kwa mujibu wa utafiti wa bajeti za kaya wa 2015/16, watu walioishi chini ya kiwango cha umaskini nchini Kenya walikuwa asilimia 36.1. Nairobi walikuwa asilimia 16.7. Mandera walikuwa asilimia 77.6 na Turkana asilimia 79.4. Tofauti kubwa namna hii haiwezi kuelezwa kwa tabia ya watu. Haiwezekani kwamba wanane kati ya kila kumi Turkana ni wavivu ilhali Nairobi wavivu hawafiki wawili.

Katiba ya 2010 ilikiri jambo hili. Kifungu cha 204 kilianzisha Hazina ya Usawazishaji, ambayo hutengewa nusu asilimia ya mapato ya taifa ili maji, barabara, afya na umeme vifikishwe katika maeneo yaliyotengwa. Mwaka wa 2013 kaunti 14 zilitambuliwa kuwa zimetengwa, na Turkana, Marsabit, Wajir, Mandera na Garissa zote zimo. Mwalimu azingatie kitenzi hicho: kutengwa. Ni kauli ya kutendwa, na penye kutendwa pana mtenda.

Hata panapokuwa na mali, mali yenyewe huondoka. Mradi wa umeme wa upepo wa Loiyangalani, Marsabit, uliofunguliwa rasmi mwaka wa 2019, una mitambo 365 na uwezo wa megawati 310. Umeme wake husafirishwa kwa nyaya za zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa ili uingie katika gridi ya taifa, ukipita juu ya manyatta ambayo usiku huangazwa na moto wa kuni. Mfano huu unafaa darasani kwa sababu mwanafunzi anaweza kuuona kwa macho ya akili. Akishauelewa, ataelewa pia kwa nini kijana aliyesoma hufuata njia ileile ya nyaya.

Ni watu gani wanaopotea?

Hapa inafaa tuwe waangalifu. Tunaposema kwamba pembezoni zinapoteza watu, si lazima hesabu ya watu iwe inapungua. Turkana ilihesabiwa kuwa na watu 855,399 mwaka wa 2009, na 926,976 mwaka wa 2019. Watoto wanazaliwa. Kinachopotea ni watu wa aina fulani, na fasihi hujali aina ya watu kuliko jumla yao.

Wa kwanza kupotea ni mwenyeji aliyesoma, ambaye hupata shahada na kukosa ofisi ya kuitumia nyumbani. Ugatuzi ulioanza 2013 umewarejesha baadhi yao, kwani makao ya kaunti yamehitaji wahasibu, madaktari na wahandisi. Hilo lenyewe ni ushahidi kwamba kazi ikipatikana karibu, watu hurudi. Wa pili ni mfugaji aliyepoteza mifugo kwa ukame au wizi, akahamia kando ya mji mdogo kusubiri msaada. Huyu hajavuka mpaka wa kaunti, lakini ameshahama maisha yake.

Wa tatu ni mwalimu. Mnamo Novemba 2014 basi lililotoka Mandera lilishambuliwa na watu 28 wakauawa, wakiwemo walimu waliokuwa wakisafiri kwenda likizo. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, Kaunti ya Garissa, na Tume ya Kuwaajiri Walimu ikawahamisha walimu wasio wenyeji kutoka sehemu nyingi za Garissa, Wajir na Mandera. Hakuna anayeweza kumlaumu mwalimu aliyeokoa roho yake. Lakini tujiulize: mtahiniwa aliyebaki darasani bila mwalimu wa Kiswahili alifanya mtihani uleule wa kitaifa, siku ileile, akasahihishwa kwa mwongozo uleule. Pengo lake la alama litasomwa na wengi kama udhaifu wake mwenyewe.

Kutokana na mifano hii tunapata maswali matatu ya kuviendea vitabu: Nani anaondoka? Nani anabaki? Nani alipanga mambo yawe hivyo? Miongozo yetu mingi huishia kwenye swali la kwanza.

Lunga na Naomi: ndoa au mlima?

Katika Chozi la Heri, riwaya iliyotahiniwa kati ya 2018 na 2022, kisa cha Naomi kumwacha mumewe Lunga Kiriri na watoto wao hutajwa sana. Watahiniwa wengi humtumia Naomi kufafanua sifa za mwanamke mwenye tamaa na asiyevumilia. Swali la kwanza, nani anaondoka, linajibiwa hapo, na mtahiniwa akaridhika.

Tufuate safari ya Lunga tangu mwanzo. Huyu ni mtaalamu wa kilimo. Anafutwa kazi kwa kupinga wananchi wasiuziwe mahindi yaliyoharibika. Anaelekea Msitu wa Mamba na kuwa mkulima, na huko anastawi. Kisha serikali inawafurusha wakazi wa msitu, na Lunga anajikuta Mlima wa Simba, mahali ambapo ujuzi wake wote haumletei riziki aliyoizoea. Ni hapo, baada ya kushuka ngazi hizo zote, ndipo Naomi anapoondoka.

Ukihesabu, utaona kwamba familia hii imehama mara mbili kabla ya Naomi kuhama. Mara ya kwanza ilisababishwa na wakubwa waliochuma kutokana na chakula kibovu. Mara ya pili ilisababishwa na amri ya serikali. Uhamaji wa tatu ndio pekee unaoitwa tamaa. Mhakiki mwenye haki ataona kwamba Mlima wa Simba ni pembezoni iliyotengenezwa: watu walipelekwa huko bila mpango wa namna watakavyoishi. Mandhari hapa ina uzito wa mhusika. Ndiyo iliyombana Lunga hadi ndoa ikapasuka.

Je, hii ina maana kwamba Naomi hana hatia? La hasha. Anawaacha watoto, na matokeo yake ni machungu: Lunga anafariki, Umu anabaki na mzigo wa kulea, na Dick na Mwaliko wanaibwa na mjakazi Sauna. Mwandishi hamwachilii Naomi, maana baadaye anamwonyesha akijuta. Sisi pia tusimwachilie. Ninachosema ni kwamba hatia ya Naomi ni ya mwisho katika mfululizo wa hatia, na mtahiniwa anayeitaja hiyo peke yake amesoma ukurasa wa mwisho wa faili tu.

Riwaya hii ina jambo jingine linalohusiana na mada yetu. Ridhaa akiwa mtoto alihamia Msitu wa Heri pamoja na jamaa zake, kwa kuwa ardhi ya babake, Mzee Mwimo Msubili, haikutosha tena. Shuleni wenzake walimtenga na kumwita mfuata mvua. Jina hilo linabeba historia nzima ya ugawaji. Mtu hufuata mvua kwa sababu mahali alipotoka mvua, au ardhi, au vyote viwili, havikutosha, na serikali haikuleta badala yake. Baadaye Ridhaa anaishi hapo miaka mingi na kuchangia maendeleo ya hapo, lakini ghasia zinapozuka anakumbushwa kwamba yeye ni mgeni. Kwa hiyo anayeondoka pembezoni huenda nazo. Zinamfuata hata akiwa daktari.

Bembea ya Maisha: umbali wa kitanda cha hospitali

Katika tamthilia ya Bembea ya Maisha, iliyoanza kutahiniwa mwaka wa 2023, mjadala wa kijiji na mji unajitokeza wazi kupitia mama na binti. Sara anaugua. Matibabu anayohitaji hayapatikani kijijini, hivyo Neema anamsafirisha hadi mjini. Wanafunzi wengi huieleza safari hii kama ushahidi wa wema wa Neema, na wema upo kweli. Lakini swali la tatu, nani alipanga, linatuonyesha jambo jingine. Kwa nini uhai wa mama ategemee kuwa na binti aliyeolewa na kuajiriwa mjini? Mama jirani asiye na Neema wake anatibiwa wapi?

Hapa tunaona namna tofauti ya mapato kati ya maeneo inavyogeuka kuwa mvutano wa kifamilia. Huduma ambayo ingetolewa na hospitali ya karibu inahamishiwa kwa mtoto mmoja. Neema anabeba gharama, mumewe Bunju anaona mfuko wa nyumba ukivuja kuelekea kwa wakwe, na maneno yanazuka chumbani. Wahakiki huliita hili tatizo la ndoa. Ni tatizo la ndoa kama vile kikohozi kilivyo tatizo la koo, ilhali ugonjwa uko mapafuni.

Asna naye anastahili kusomwa upya. Anaishi mjini katika makazi duni, na mamake anashangaa kwa nini asirudi nyumbani. Jibu jepesi ni kwamba mji umemlevya. Lakini msichana aliyesoma arudi kijijini afanye kazi gani? Tamthilia inamweka Asna kati ya chumba kibaya chenye tumaini na nyumba nzuri isiyo na tumaini. Anachagua chumba. Mwanafunzi anaweza kutokubaliana naye, na mjadala huo ni mzuri darasani, mradi asichukulie kwamba Asna alikuwa na njia nyingi mbele yake.

Tusisahau anayebaki. Yona na Sara wamebaki kijijini, na upweke wao umo katika karibu kila onyesho. Kubaki kwao si kwa hiari tupu wala si kwa lazima tupu. Sara anapenda kijiji chake, anajua majirani na desturi, na mjini anahisi amebanwa. Kauli zake zinatukumbusha kwamba pembezoni si shimo la kutoroka. Ni nyumbani kwa watu. Mhakiki anayezungumzia umaskini pekee hukosa upendo huu, na bila upendo huu hasara ya kuondoka haieleweki.

Mwisho wa njia: chuo na mtaa wa mabanda

Hadithi fupi mbili zinakamilisha picha kwa kutuonyesha kinachomngoja anayefika mjini. Katika "Mapenzi ya Kifaurongo" ya Kenna Wasike, Dennis Machora ni mtoto wa wazazi maskini wanaofanya vibarua katika mashamba ya wengine. Anafika chuo kikuu, anapendwa na Penina, binti wa tabaka la juu, na baada ya masomo anakosa kazi. Penzi linafikia kikomo pamoja na matumaini. Elimu imemtoa kwao na haikumfikisha kokote.

Katika "Tumbo Lisiloshiba" ya Said Ahmed Mohamed, wakazi wa Madongoporomoka wanaishi mjini lakini mji hauwataki. Wenye nguvu wanautamani mtaa wao. Mzee Mago anawahimiza wenzake wautetee, lakini matingatinga yanakuja. Wanaotishiwa kuondolewa hapa wako karibu na katikati ya mji. Hivyo pembezoni si suala la kilomita tu. Mtu anaweza kuwa pembezoni akiwa hatua chache kutoka kwenye hoteli kubwa, ikiwa hana sauti mahali maamuzi yanapofanywa.

Hadithi hizi mbili zinaliweka wazi jibu la wale wanaosema kwamba wakazi wa maeneo maskini wahame tu waende penye kazi. Penye kazi pana foleni, na aliyetoka mbali husimama nyuma.

Mandhari ya kubuni na ngamia asiyeonekana

Vitabu hivi vyote vimetumia mandhari ya kubuni. Chozi la Heri iko katika nchi ya Wahafidhina, na hadithi nyingine ziko katika miji isiyo kwenye ramani. Mbinu hii ina faida. Inamwezesha mwandishi kusema bila kugusa kidonda cha jamii fulani, na kitabu kikasomwa Kisii, Kilifi na Kakamega bila mwanafunzi yeyote kuhisi ananyoshewa kidole.

Pamoja na hayo, kuna gharama. Nchi ya kubuni ina misitu, mashamba, vijiji na mji mkuu, lakini ni nadra iwe na jangwa lenye watu. Nilipofundisha katika shule moja ya kaskazini, mwanafunzi wa kidato cha tatu aliniuliza mbona katika vitabu vyote tulivyosoma hajakutana na ngamia wala kisima. Darasa lilicheka, lakini swali lilikuwa zito. Aliyeuliza alikuwa anaomba kuona nyumbani kwao kukihesabiwa kuwa mahali ambapo hadithi inaweza kutokea.

Kaskazini inapotajwa katika mazungumzo yetu ya kila siku, hutajwa kama mahali pa kupelekwa: afisa aliyekosa huhamishiwa huko, mwalimu mpya hulia akipata barua. Kwa hiyo mwanafunzi wa huko husoma fasihi ya taifa akiwa nje ya dirisha. Filamu ya Watu Wote ya 2017, iliyotokana na shambulio la basi huko Mandera mnamo Desemba 2015 na namna abiria Waislamu walivyokataa kutenganishwa na wenzao Wakristo, ilithibitisha kwamba hadithi za huko zinaweza kusikika duniani kote. Iliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar. Waandishi wa Kiswahili wana mgodi ambao haujachimbwa, na wateuzi wa vitabu wana wajibu wa kuutafutia nafasi.

Wapo watakaopinga. Watasema fasihi haina kazi ya kugawa mandhari kama serikali inavyogawa kaunti. Nakubali kwamba mwandishi hawezi kulazimishwa. Lakini kitabu teule huchaguliwa na kamati kwa niaba ya watoto wote wa nchi, na kamati inaweza kuulizwa. Wengine watasema kwamba mwalimu akileta Waraka wa 1965 darasani anafundisha historia, si fasihi. Jibu langu ni kwamba historia hapa haichukui nafasi ya matini. Inatusaidia kupima uzito wa yaliyomo ndani ya matini. Lazima mtahiniwa aanze na Lunga, na amalizie na Lunga.

Methali nazo zichunguzwe

Watahiniwa hupenda kuhitimisha majibu yao kwa methali, na penye uhamiaji methali mbili hurudiwa: mwacha asili ni mtumwa, na mcheza kwao hutunzwa. Ya kwanza humhukumu anayeondoka. Ya pili humwahidi anayebaki tuzo. Swali ni je, tuzo hiyo hutolewa? Lunga alicheza kwao kwa uaminifu na akatuzwa kwa kufukuzwa kazi. Yona alikuwa mwalimu, na uzee wake haukuwa wa kutunzwa na jamii aliyoifundisha. Ulevi wake ni wake, lakini upweke wake si wake peke yake.

Sisemi methali zitupwe. Mwanafunzi azitumie kwa kuzijaribu: aonyeshe pale ambapo kisa kinaunga mkono methali na pale kinapoikaidi. Ipo pia methali ya tatu ambayo haitumiwi sana katika mada hii: mwenye nguvu mpishe. Ukiisoma kando ya kufurushwa kwa wakazi wa Msitu wa Mamba au wa Madongoporomoka, itakuonyesha nani anapisha nani.

Namna ya kuufikisha mjadala darasani

Mwalimu mwenzangu anaweza kuanza kwa kuwapa wanafunzi zoezi la kuchora safari ya mhusika mmoja. Kwa kila kituo waandike mambo mawili: mhusika alitaka nini, na nani aliamua nini. Safari ya Lunga hujaza ukurasa mzima, na mwanafunzi huona mwenyewe kwamba maamuzi mengi hayakuwa ya Lunga.

Baada ya hapo wapewe swali la insha kama hili: "Uhamaji wa wahusika katika Chozi la Heri ni matokeo ya maamuzi ya wengine kuliko hiari yao wenyewe. Jadili. (alama 20)" Jibu zuri litakuwa na pande mbili. Upande wa kuunga mkono utataja kufutwa kazi kwa Lunga, kufurushwa kutoka Msitu wa Mamba, na ghasia za baada ya uchaguzi zinazowasukuma Ridhaa na Kaizari kutoka makwao. Upande wa kupinga utataja uamuzi wa Naomi na hata wa Mzee Mwimo Msubili aliyewahamisha wake zake wawili wa mwisho kwa sababu ya wingi wa familia aliyoiunda mwenyewe. Anayetoa upande mmoja tu asipewe alama zote, hata kama upande huo ndio unaopendelewa na makala haya.

Kwa walio katika shule za mpakani, wanafunzi waulizwe pia wabuni mandhari: kisa kile kile cha Naomi kingekuwaje kama Mlima wa Simba ungekuwa Loima, North Horr au El Wak? Nani angeondoka kwanza? Angetumia chombo gani? Nani angebaki na mifugo? Zoezi hili ni la isimu, utunzi na uhakiki kwa pamoja, na humfanya mwanafunzi aone kwamba kwao panatosha kuwa fasihi.

Hitimisho

Vitabu teule tulivyovitazama havisemi kwamba watu huondoka kwa sababu ya tamaa tu. Vinatuonyesha maamuzi yaliyotangulia: ya wakubwa waliouza mahindi mabovu, ya serikali iliyofurusha bila kupanga, ya hospitali iliyojengwa mbali, ya kazi zilizorundikwa mahali pamoja. Vinatuonyesha pia kwamba anayeondoka ana hiari yake na anaweza kukosea, na kwamba anayebaki anapenda kwao. Mhakiki akiyashika yote matatu kwa pamoja atakuwa ametenda haki kwa matini na kwa nchi.

Mtahiniwa aliye Mandera au Lokichar atakapoulizwa aeleze sababu za uhamiaji, aandike umaskini, maana ni kweli. Kisha aongeze hoja moja: umaskini huo ulitokana na nini, na kitabu kimeonyesha hilo katika sehemu gani. Nasi tulio na kalamu nyekundu tumpe alama yake.